Vipago Vibichi

15 Septemba 1924

Shule imefunguliwa. Kilatini, hesabu, na msichana mpya kutoka Bristol aliyeniuliza kama kwetu tunalala na nguruwe. Sikumjibu. Jibu zuri lilinijia nikiwa tayari kwenye treni ya kurudi.

Nimemkuta Baba karakanani anacheka peke yake. Kanisa letu limemwagiza viti sita vya jukwaani, vya wazee wa kanisa, viwe tayari kabla ya Majilio. Miaka yote wazee wamekalia viti vya kiwandani vilivyoletwa kwa treni. Baba amesema sasa watakalia kitu kilichoota hapahapa. Kisha akaanza kukohoa, akanigeuzia mgongo mpaka kikohozi kikaisha.

Viti vyetu ni vile vya hapa kwetu Herefordshire vya siku zote: mti wa eshi, mgongo wenye mbao kama ngazi, kitako cha matete ya mtoni, ambacho Mama ndiye anayekisuka. Havina gundi wala msumari. Miguu hutiwa ingali mbichi, na vipago, yaani vijiti vinavyounga mguu na mguu, hutiwa vikiwa vikavu kabisa. Mguu ukikauka hunywea na kukibana kipago, na hapo hakuna wa kuvitenganisha. Lakini kipago nacho kikiwa kibichi, vyote hunywea pamoja, na baada ya miezi michache kiti kinafunguka chini ya mtu.

Kwa hiyo vipago hukaa kwenye uchaga juu ya jiko wiki sita. Halafu mtu huvigonganisha na kusikiliza. Kikavu hulia kama kikombe. Kibichi hutoa sauti nzito, kama mtu aliyeshiba akijibu salamu. Baba alirudi vitani na kifua kilichoungua kwa gesi na masikio yaliyouawa na mizinga, na sauti hiyo haimfikii tena. Kazi hiyo ni yangu tangu nina miaka tisa. Sasa nina kumi na tano. "Masikio yangu yako kichwani kwako, Keziah," huniambia.

19 Septemba

Mvua. Nimesoma kwenye treni mpaka nikapitiliza kituo.

28 Septemba

Jabez Tudge amekuja leo na mkokoteni wa vipago vipya. Yeye hukaa msituni na kerezo lake la kukanyaga kwa mguu, anakereza miguu na vipago na kutuletea. Ananuka moshi na pombe ya tofaa. Huniita Bi Kitabu. Leo ameuliza mbele ya Mama kama huko shuleni wamenifundisha kukamua ng'ombe kwa Kilatini. Mama alicheka. Mimi nilikwenda jikoni.

Mama alitaka nafasi kwenye uchaga kwa ajili ya matofaa yake ya kukausha. Nikashusha mafungu yote mawili, la Agosti na hili jipya, nikayaweka benchini, nikapanga matofaa, kisha nikarudisha fungu moja. Jabez simpendi. Nafikiri ndiye anayemfanya Baba anywe siku za Jumamosi.

2 Oktoba

Homa ya Baba imerudi lakini hataki kulala. Ameanza kuunga viti. Aliniita, nikaenda na kitabu changu, nikasimama mlangoni nikimalizia ukurasa. Alinyanyua fungu lililokuwa benchini, akasema siku hizi kila kitu kimekuwa kizito, hata kijiti. Akaniuliza kama hili ndilo kavu.

Nikasema ndiyo.

6 Oktoba

Mvua. Mtihani wa historia, nimekuwa wa pili.

11 Oktoba

Viti vyote sita vimesimama. Bado havina vitako, unaona kupita katikati yake. Baba amevipanga mstari na kukaa mbele yake kwenye ndoo iliyopinduliwa kana kwamba yuko kanisani. Mama ameanza kusuka. Matete yanapasua ngozi ya vidole vyake kila mwaka, na kila mwaka hupaka mafuta ya nguruwe na kuendelea.

17 Oktoba

Sijui nianzie wapi. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Leo jioni Jabez alipita akataka fungu kutoka kwenye uchaga, anataka kuunga kiti cha jikoni cha mwalimu wa kijijini. Nilimwambia ni bichi, lina wiki tatu tu. Akasema basi ligonge tuone, Bi Kitabu, usiniambie habari za kalenda. Nikatoa viwili nikavigonganisha.

Vililia kama vikombe.

Nikatoa vingine viwili. Vililia. Jabez akasema, "Ala, moto wenu huu unakausha kuliko wa shetani," akachukua fungu akaondoka. Nilibaki nimeshika uzi uliokuwa umelifunga. Uzi wa buluu. Niliufunga mwenyewe mwezi wa Agosti, kwa sababu uzi wa kawaida ulikuwa umekwisha.

Lile nililorudisha juu lilikuwa fungu kavu. Lililobaki benchini ni lile jipya la Jabez, lililoletwa siku ileile, lenye maji. Na Baba aliponiuliza sikuinua hata macho.

Nimekwenda karakanani. Mama alikuwa amemaliza vitako vinne. Tete hupita juu ya vijiti vya kitako na kuzunguka, kamba moja isiyokatika kutoka pembeni mpaka katikati, kwa hiyo huwezi kukifungua kiti bila kukata kitako chote. Nimejaribu kipago kimoja kwa mkono. Kimekaza, bado hakijaanza kunywea. Kwa macho ni viti vizuri kuliko vyote alivyowahi kutengeneza. Mama aliniuliza nimepoteza nini. Nikasema kalamu.

18 Oktoba

Sijamwambia.

20 Oktoba

Sijamwambia. Kitako cha tano kimekwisha.

26 Oktoba

Jumapili. Mama alibaki kanisani kwa ajili ya mkutano wa akina mama. Nilijua sitapata nafasi nyingine. Baba alikuwa amekaa karibu na moto amefunikwa blanketi.

Siri haiwezi kunong'onwa kwa mtu asiyesikia. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno ya chini, maneno ya kitabuni, na nikagundua kwamba lazima nipige kelele, mimi ambaye darasani naambiwa kila siku niongeze sauti. Nikasema, Baba, vile vipago. Akaweka mkono nyuma ya sikio. Nikasema kwa nguvu zaidi, "Baba, vile vipago vya viti vya kanisa!"

Akatabasamu. "Safi sana, eh?" akasema. "Nilikuwa namwambia mama yako. Mikono imeniacha, kifua kimeniacha, lakini nina binti mwenye masikio. Bila wewe ningeshaacha hii kazi zamani, mwanangu."

Nilisimama pale. Akadhani nataka kusifiwa tena, akanishika kichwa.

Ningeweza kumwandikia. Nimeandika karatasi tatu na zote nimezitia motoni.

1 Novemba

Leo amepiga muhuri. Ni chuma chenye jina la babu yangu mzaa baba, ambaye naye aliitwa Reuben kama Baba: R. PROSSER. Hugongwa nyuma ya mguu, chini ya ubao wa kwanza wa mgongo. Mkono wake ulitetemeka, akaniambia nimshikie chuma yeye agonge. Nimeshika mara sita. Mara ya tatu nyundo iliteleza ikanipata kidole, na nilifurahi kuwa na sababu ya kulia.

Alisema mtu akikikuta kiti hiki baada ya miaka mia mbili atajua nani wa kumshukuru.

8 Novemba

Viti vimepelekwa kwa mkokoteni wa Jabez. Baba alitembea pembeni njia nzima, mkono juu ya cha mwisho. Kurudi, Baba alikataa kupanda mkokoteni, basi Jabez aliuacha darajani akambeba mgongoni. Baba alikuwa akitukana na Jabez akijibu kwamba amewahi kubeba ndama wenye adabu zaidi.

9 Novemba

Wazee wamevikalia. Bwana Septimus Bengry, mzee mkuu wa kanisa, aliegemea nyuma na kufumba macho kabla hata mahubiri hayajaanza. Baba alinikonyeza.

16 Novemba

Hawezi kupanda ngazi. Tumemlaza jikoni. Kanisani jiko la makaa lilikuwa limekokwa mpaka likawa jekundu, na viti vimepangwa karibu nalo. Mahubiri yote nimetazama miguu ya viti.

20 Novemba

Daktari. Amezungumza na Mama nje, kwenye baridi, mlango umefungwa.

24 Novemba

Baba amefariki leo asubuhi, saa tatu kasoro. Mama alikuwa ameshika mkono mmoja na mimi mwingine. Jabez alikuwa amesimama nje ya dirisha kwa sababu buti zake zilikuwa na tope.

Jana mchana Baba alikuwa na akili zake zote. Alizungumza habari za viti. Alisema, "Vile sita vimekaa vizuri." Kinywa chake kilikuwa kikavu, nami nilikuwa na kijiko cha maji. Nilimpa maji. Hicho ndicho nilichofanya. Nilimpa maji.

28 Novemba

Mazishi. Watu wengi. Wazee walikaa juu ya viti vyake, na mchungaji akavionyesha kwa mkono.

3 Desemba

Nimerudi shule. Bi Lovering, mwalimu wetu wa Kilatini, amenisamehe zoezi la wiki mbili. Sijui jinsi ya kumwambia asinisamehe.

7 Desemba

Kiti cha kushoto kabisa kimelia wakati wa sala. Sauti ndogo. Hakuna aliyegeuka ila mimi.

14 Desemba

Kimetokea.

Bwana Bengry alisimama kusoma, akakaa, na kipago cha mbele kikachomoka kikaanguka sakafuni kikabiringika mpaka kwenye meza ya ushirika. Kiti kikalala upande mmoja taratibu pamoja naye. Hakuumia. Watoto walicheka, wakafinywa. Akaokota kipago, akakirudisha kwa kidole gumba, na kipago kikaingia bila kubishana. Hilo lilikuwa baya kuliko kuanguka. Kila mtu aliona.

Nje, watu walimpa Mama mkono na hawakusema lolote. Lakini masikio yangu ni mazuri, ndiyo shida yake. Mke wa muuza nyama alimwambia dada yake kwamba maskini Reuben, mkono ulishamwacha, wasingempa ile kazi. Dada yake akasema alifanyiwa huruma. Akasema, na ile mihuri yote, jina kubwa hivyo.

Mama alisikia pia. Nilijua kwa jinsi alivyofunga kitufe cha juu cha koti lake kilichokuwa kimefungwa tayari.

16 Desemba

Nimekwenda msituni baada ya shule. Sikuwa na mtu mwingine wa kumwendea. Jabez alikuwa anakereza. Kerezo lake limefungwa kwenye mti mchanga unaoinama na kuinuka, na hakusimamisha mguu aliponiona. Aliuliza kama nimekuja kumsomea hadithi.

Nimemwambia yote, kuanzia matofaa. Nilipofika kwenye uzi wa buluu mguu wake ulisimama.

Nilitegemea matusi, ningeyapokea. Akasema kumbe fungu lile alilochukua lilikuwa la Agosti, alishangaa lile, wiki tatu na linalia vile. Akasema naye angepaswa kujua.

Kisha akanieleza jambo ambalo sikulijua. Jumapili ileile kiti kilipoanguka, baada ya ibada, alikwenda kilabuni na kumwambia kila aliyetaka kusikia kwamba kosa ni lake. Kwamba alimletea Reuben mti mbovu, uliokatwa majira yasiyofaa, na Reuben alikuwa mgonjwa mno kuukataa. Aliyasema akidhani ni uongo. Watu wawili tayari wamefuta oda zao kwake.

"Sasa nakuta ni nusu kweli," akasema. "Mti ulikuwa wangu kweli. Na ulikuwa mbichi kweli."

Nilimuuliza kwa nini alisema hivyo. Akanitazama kana kwamba nimemuuliza kwa nini mvua inalowesha. Akasema Reuben alimvuta kutoka kwenye shimo la matope huko Ufaransa, kwa ukosi wa koti. Miaka yote hii nilidhani ni mlevi anayetumia wema wa Baba.

Nikamwambia nitasema kanisani. Akasema, "Wewe? Wewe hata kuomba chumvi mezani huwezi."

Nikasema nitasema.

21 Desemba

Nimesema.

Nilisimama wakati wa matangazo, baada ya habari ya chai ya Krismasi. Nilikuwa nimeandika maneno na kuyakariri kwenye treni wiki nzima, na yote yalitoka kichwani nilipoona nyuso zimegeuka. Nilisema tu kwamba kosa la viti vile si la baba yangu. Kwamba aliniuliza kama vipago ni vikavu, kwa sababu hakuwa na masikio, nami nilikuwa nasoma, nikasema ndiyo bila kuvigonga. Kwamba kazi yote ya mkono wake ni nzima. Kwamba mwenye kosa ni mimi na niandikwe mimi. Nilisema kwa sauti. Mwangwi wake ulinirudia kutoka dirishani.

Sikutazama upande wa Mama.

Bwana Bengry alikuja mpaka kwenye benchi letu. Ni mtu mwema, sitaki kuandika vinginevyo. Alinishika bega, macho yake yana machozi. Akasema, "Binti yangu, wiki iliyopita Jabez Tudge alisema ni mti wake. Leo wewe unasema ni masikio yako. Wiki ijayo mama yako atatuambia ni matete. Reuben alikuwa mtu wa kupendwa, tunaona wenyewe. Kaa chini, mwanangu. Hakuna anayemhukumu. Tutavifunga waya, vitafaa."

Watu wakasema amina. Mke wa muuza nyama alikuwa anajifuta macho. Nilijaribu kusema kwamba ni kweli, kwamba kuna uzi, na nikasikia jinsi neno hilo lilivyosikika. Uzi. Kadiri nilivyoendelea ndivyo walivyonionea huruma.

Nilikaa chini.

22 Desemba

Mama hajazungumza nami tangu jana. Amepika, amenipakulia, amefagia. Leo jioni aliweka ufagio pembeni akauliza kwa nini sikumwambia Baba.

Nikasema alikuwa na furaha.

Akasema, "Alikuwa na furaha ya uongo, na mimi nilikaa pale nikiisuka." Akaonyesha vidole vyake. Kisha akasema hata yeye hajui kama angemwambia. Kisha akasema lakini ilikuwa haki yake, si yako wala yangu, alikuwa fundi, fundi hufichwa vipi kosa la kiti chake mwenyewe.

Niliuchukua ufagio nikamalizia kufagia.

27 Desemba

Tumekwenda kanisani kuvichukua viti, Mama, Jabez na mimi. Bwana Bengry alikuwa ameshafunga waya vitatu. Hakukataa. Alisema tuvichukue kama itatupa faraja.

Mama alikata vitako mwenyewe kwa kisu cha jikoni. Hakuniruhusu nimsaidie. Vyote sita, kila kimoja alikikata msalaba, matete yakaanguka miguuni pake bado yana rangi ya kijani kwa ndani. Akayafagia akatoka nje.

12 Januari 1925

Jabez aliilaza miguu yote kwenye kijito siku tisa, chini ya mawe, ili inywe maji ivimbe tena. Amekereza vipago vipya kutoka kwenye eshi aliyoipasua mwaka juzi, kavu kabisa. Shule inafunguliwa kesho.

Leo tuliitoa miguu tukaiweka kwenye benchi la Baba, kwenye mwanga wa mlango. Jabez aliingiza kidole kwenye tundu la kwanza, akakizungusha. Akaenda la pili. Akaniita nitazame.

Tundu la kipago hakuna anayeliona. Huchimbwa, hujazwa siku hiyohiyo, na hubaki gizani muda wote wa uhai wa kiti. Kwa hiyo hakuna mtu, hata Mama, aliyewahi kuona sehemu hii ya kazi ya Baba. Nilitegemea kukuta mkono wa mgonjwa. Nilitazama matundu yote. Alikuwa na homa, hakuweza kunyanyua ndoo, na kila tundu lilikuwa na kina kilekile, ukuta wake laini kama ndani ya yai, limeinama kidogo kuelekea mahali ambapo miguu hutanuka, jinsi inavyotakiwa, bila kovu hata moja la keekee ya kutobolea kuteleza.

Mama alikuja akajifuta mikono. Jabez akageuza mguu mmoja ili mwanga uingie, Mama akainama akafumba jicho moja. Alipoinuka alisema tu, "Basi."

Nikasema tumpelekee Bwana Bengry mguu mmoja aone. Kanisa zima lione. Jabez akatikisa kichwa. Alisema mti umeshaanza kukauka kwenye upepo huu, tukisubiri mpaka kesho matundu yatabadilika na hatutapata tena nafasi. Ama tuwaonyeshe, ama tuvifunge viwe viti.

Walinitazama mimi.

Nilimkabidhi Jabez nyundo ya mti. Kuanzia saa tano mpaka giza likaribie tulivifunga vyote, kimoja baada ya kingine. Mimi nilishika miguu, na kila kipago kilipoingia nilitazama tundu mpaka likajaa.